Tabora hadi Ujiji kwa baiskeli, na Tour de France mdomoni

Jumatatu: Tabora – Urambo

Tumeondoka Tabora kabla ya jua, mimi na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mzaliwa wa Ujiji. Yeye anaendesha Phoenix nyeusi yenye karia ya nondo, na juu ya karia amefunga dumu la asali la lita 20, zawadi ya wazazi, kwa mipira ya tyubu chakavu. Mimi niko kwenye baiskeli ya mtumba yenye gia, niliyoifufua mwenyewe. Kazi yangu ni ufundi baiskeli. Jioni nikishafunga kibanda huwa nasoma kwenye simu habari za Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, jambo ambalo shemeji analijua fika na limeshamchosha. Hatujamaliza hata nyumba za mjini akanionya: "Shem, Wafaransa wako wasubiri kwanza jua litoke. Saa hizi mimi bado nimelala."

Julai huku asubuhi ni baridi, na mchana kuna upepo wa mashariki. Kwa anayeelekea Kigoma upepo huo ni heri, unamsukuma mgongoni. Lami ni nzuri, miombo imeanza kupukutisha majani, malori ya tumbaku yanatupita kwa honi. Tulipumzika chini ya mwembe, tukatoa matobolwa na karanga, na hapo ndipo nilipopata ruhusa ya kusema.

Nilianza na kipimo anachokielewa mtu wa barabarani. Reli ya Tabora hadi Kigoma ni kilomita 411 hivi. Hatua ya kwanza ya Tour ya kwanza kabisa, Julai 1903, kutoka Paris kwenda Lyon, ilikuwa kilomita 467. Wakaachiwa alasiri, wakapiga pedeli usiku kucha kwenye barabara za vumbi, na Maurice Garin akaingia Lyon asubuhi baada ya saa 17 na dakika 45. Yaani angeondoka Tabora watu wanatoka kazini, kesho yake wakati wa chai ya asubuhi angekuwa Kigoma, tena angekuwa ameshatumbukia ziwani.

"Alibeba nini?" shemeji akauliza.

"Hakubeba kitu."

"Basi."

Sikukata tamaa. Nilimweleza kwamba mashindano haya yalianzishwa na gazeti lililokuwa taabani. Ufaransa ya wakati ule ilikuwa na gazeti kubwa la michezo, Le Vélo, lililochapwa kwenye karatasi ya kijani. Mhariri wake akagombana na matajiri wa viwanda kwa sababu ya kesi ya Dreyfus, ofisa wa jeshi Myahudi aliyesingiziwa usaliti, ile iliyoigawa nchi nzima. Matajiri wakaondoa matangazo yao, wakaanzisha gazeti lao la karatasi ya njano, ambalo baadaye liliitwa L'Auto, wakampa Henri Desgrange alisimamie. Halikuuzika. Mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, ndiye aliyetoa wazo la kuizunguka Ufaransa nzima kwa baiskeli, hatua kwa hatua. Desgrange aliogopa. Waliojiandikisha walikuwa wachache mno, ikabidi kiingilio kishushwe kutoka faranga 20 hadi 10 na watu waahidiwe posho ya faranga 5 kwa siku. Walioanza walikuwa 60, waliomaliza 21. Garin, ambaye utotoni alikuwa anasafisha mabomba ya moshi majumbani, alimwacha wa pili kwa karibu saa tatu, na mpaka leo hakuna aliyeshinda kwa pengo kubwa kama hilo. L'Auto likauzwa kuliko wakati wowote. Mwaka uliofuata Le Vélo lilikufa.

Mimi Desgrange simpendi, na nilimwambia shemeji hivyo mapema ili asije akadhani namsifia mtu. Alitaka mashindano magumu kiasi kwamba ikiwezekana amalize mmoja tu. Aliweka sheria moja iliyotawala miaka yote ya mwanzo: kila mtu ajitegemee. Usipewe gurudumu, usipewe pampu, usishikiwe baiskeli. Ukivunjikiwa, utengeneze mwenyewe.

"Kwetu mtu akikupita umeharibikiwa asisimame, tunamwita mchawi," akasema shemeji, akajilaza kidogo, kofia usoni.

Urambo tumeingia jua likiwa bado juu. Gesti ina maji ya moto ya ndoo. Makalio yanauma.

Jumanne: Urambo – Kaliua

Safari fupi, kwa makusudi, maana shemeji alikuwa na mtu wa kumdai Kaliua. Hakumpata.

Kitu kimoja tu cha kuandika. Mahali fulani barabara ilipokaribiana na reli, treni ikatupita ikielekea Kigoma, watu wametoa vichwa madirishani wanatupungia mikono. Shemeji akaitazama mpaka behewa la mwisho. "Shem, tungepakia baiskeli humo, kesho tupo kwa Mzee, na nani angejua?"

Nikamwambia wenzetu walishalifikiria hilo mwaka 1904. Tour ya pili ilikuwa aibu tupu. Hatua zilikuwa za usiku, kamisaa, yaani msimamizi wa sheria za mashindano, hawezi kuona kila kona, basi kukawa na tuhuma za watu kupanda treni, wengine kuvutwa na magari. Mashabiki nao wakamwaga misumari barabarani, na karibu na Saint-Étienne kundi la watu likavizia gizani na kuwapiga waendeshaji ili mtu wao wa nyumbani apite. Garin alishinda tena. Lakini Desemba chama cha baiskeli cha Ufaransa kikawafuta wanne wa kwanza wote, yeye akiwamo, na ushindi ukaenda kwa aliyekuwa wa tano, Henri Cornet, kijana wa miaka 19. Hadi leo hajatokea mshindi mdogo kuliko huyo.

"Kwa hiyo wa tano anaweza kuwa wa kwanza," alisema shemeji. Hilo lilimfurahisha jioni nzima.

Jumatano: Kaliua – Nguruka

Karia imekatika.

Tulikuwa tumeshapita Kazilambwa, pale nyumba zinapokuwa chache na mbung'o wanaanza kuuma hata juu ya nguo. Nikasikia "ta!" nyuma yangu, kisha shemeji akimtaja Mungu. Nondo ya kushoto ilikuwa imeachia kwenye weldingi, juu kidogo ya ekseli, dumu likaning'inia upande mmoja na kulipinda gurudumu kidogo. Asali haikumwagika. Tukaliweka chini, tukaitazama ile nondo. Ndani ya mkatiko rangi zilikuwa mbili: robo tatu kutu nyeusi, robo moja chuma cheupe kinachong'aa. Maana yake ufa ulikuwapo siku nyingi, leo kimekatika kile kipande cha mwisho tu.

Kijana mchungaji akatokea porini na ng'ombe wake. "Mwangaluka." Tukaitikia. Hakuuliza kitu, aliangalia tu, akaingia tena msituni, akarudi na ukanda mrefu wa gome la mti alioubandua kwa panga. Akaufunga mwenyewe, akizungusha na kukaza kwa goti, mpaka karia ikasimama. Tulimpa karanga. Kutoka hapo tulikwenda polepole, kwenye vilima tunasukuma.

Siku kama ya leo haiwezi kupita bila Eugène Christophe. Mwaka 1913 alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda Tour. Kwenye milima ya Pyrenees, akiteremka mlima Tourmalet, foki yake ikakatika, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Sheria ni ileile: hakuna msaada. Akaibeba baiskeli begani, gurudumu mkononi, akateremka kwa miguu zaidi ya kilomita kumi huku wale aliowaacha nyuma wakimpita mmoja mmoja. Akafika kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaonyeshwa kwa mhunzi. Bahati yake, kabla ya mashindano alikuwa fundi wa makufuli, chuma alikijua. Makamisaa wakasimama mlangoni kuhakikisha mhunzi hamgusii kitu, ila kumwelekeza kwa mdomo tu. Akaufua uma wake kwa mkono wake, kazi ya saa kadhaa.

Shida ni moto. Huwezi kushika koleo, nyundo na mivukuto kwa wakati mmoja. Mtoto aliyekuwa pale kwenye karakana akamvukutia. Makamisaa wakaandika: amesaidiwa, adhabu dakika kumi. Baadaye zikapunguzwa zikawa tatu, kwa maana mtu aliyepoteza saa nzima nzima dakika kumi zingemfanya nini? Alimaliza wa saba.

Mimi naisoma habari hii kwa jicho la fundi. Wengi wanaisimulia kuonyesha ushujaa wa Christophe, na kweli alikuwa shujaa. Ila kila nikifika kwa wale makamisaa mlangoni nasikia hasira. Wamesafiri na saa zao mfukoni, wameshiba, wanamhesabia mtu pumzi za mivukuto.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1919 Tour iliporudi baada ya vita, Christophe akawa mtu wa kwanza kuvaa jezi ya njano, iliyowekwa ili watazamaji wamjue anayeongoza. Njano ni rangi ya karatasi ya L'Auto. Akiwa nayo mwilini, Paris imekaribia, foki ikakatika tena. Akatengeneza tena mwenyewe, akapoteza tena. Hakuwahi kushinda Tour maishani mwake.

Nguruka tumefika alasiri. Fundi wa kuchomelea yupo karibu na soko, hana kioo cha kukinga, anavaa miwani ya jua. Mtoto wake wa kama miaka kumi aliishika nondo kwa kitambaa kilicholowa maji ili isicheze, akigeuza uso kila cheche ziliporuka. Nilimwomba fundi agonge kutu yote kwanza, asichomelee juu yake. Alinitazama kama wanavyonitazama wateja wangu, ila aligonga. Weldingi imetoka safi, mimi mwenyewe nisingefanya vizuri zaidi.

"Kamisaa yuko wapi?" shemeji akauliza, anamkabidhi mtoto mia tano. "Huyu katushikia."

Alhamisi: Nguruka – Uvinza

Baridi ya Malagarasi si mchezo. Kuna bwawa na tope kila upande, na alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara mpaka sikuona gurudumu langu la mbele. Nilivaa sweta mbili. Saa tatu jua lilipowaka nikavua moja na kuifunga kwenye usukani, na hapo hapo nikamkumbuka Henri Pélissier.

Pélissier alishinda Tour ya 1923. Mwaka uliofuata akajitoa katikati pamoja na mdogo wake na mwenzao mmoja, kwa sababu ya jezi. Sheria ilisema umalize na kila ulichoanza nacho. Yeye alianza alfajiri kwa baridi akiwa na jezi mbili, mchana akataka kuitupa moja, kamisaa akamwinulia nguo kuhesabu. Wakaondoka, wakaketi kwenye mkahawa, wakamkuta mwandishi wa habari Albert Londres. Wakamwagia mezani vilivyokuwa mifukoni mwao: kokeini ya macho, klorofomu ya ufizi, vidonge vya kila aina. Habari ile ilitikisa Ufaransa. Wanaodhani dawa za kuongeza nguvu ziliingia na Lance Armstrong, Mmarekani aliyenyang'anywa Tour zake saba mwaka 2012, wangeanzia kwenye meza hiyo.

Tulivuka Malagarasi, tukasimama darajani kunywa maji. Mto mpana, kimya, wavuvi wawili kwenye mtumbwi. Mara ukungu ulipoisha ndipo nilipoona tuko nchi nyingine: udongo umebadilika, na mama aliyetuuzia ndizi upande wa pili alitusalimia "mwakeye". Shemeji alijibu kwa sauti ya mtu aliyefika kwao.

Baada ya hapo nilimsimulia jinsi msaada ulivyoruhusiwa, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Desgrange alikuwa amechoshwa na timu za viwanda vya baiskeli kupanga matokeo, basi mwaka 1930 akazifuta na kuleta timu za mataifa. Gharama zikawa juu ya gazeti, ndiyo maana mwaka huohuo ukaanza ule msafara wa magari ya matangazo yanayotangulia mbele na kurushia watu zawadi. Na sheria ya kila mtu kivyake ikalegea. Mwaka huo André Leducq, akiongoza, alianguka akiteremka mlima Galibier, akaamka ana damu, na baadaye kidogo pedeli ikavunjika. Akakaa chini kulia. Wenzake wa Ufaransa wakamzunguka, wakamtafutia pedeli, wakamweka katikati, wakavuta kwa zamu mpaka wakawakamata waliotangulia. Leducq akashinda hatua ile, na Tour.

Kati ya Christophe na Leducq ni miaka 17 tu. Tatizo lilelile, chuma kimekatika mlimani.

Lakini msaada nao una bei yake, na aliyeilipa kwa uchungu ni René Vietto. Mwaka 1934 alikuwa na miaka 20, anapanda milima kuliko mtu yeyote, na katika Tour hiyo alishinda hatua nne kwa jumla. Mkuu wa timu alikuwa Antonin Magne. Magne akaharibu gurudumu kwenye mteremko, Vietto akampa la kwake, akabaki ameketi kwenye ukuta wa mawe pembeni ya barabara, anasubiri gari, machozi yanamtoka. Picha ipo. Kesho yake Magne akaharibikiwa tena, na Vietto, ambaye alikuwa mbele yake, akageuza na kupanda mlima kurudi alikotoka kumpelekea baiskeli. Magne alishinda. Vietto alikuwa wa tano, na hakushinda Tour hata mara moja.

Shemeji alikaa kimya kwa muda. Kisha: "Angekataa?"

"Angefukuzwa."

"Hapana, nauliza wewe. Ungekuwa wewe, ungenipa gurudumu?"

Nilimwambia ndiyo. Akasema atanikumbusha.

Siku hizi kila timu ina watu wanane, na saba kati yao kazi yao ni hiyo: kukata upepo, kurudi kwenye gari kuchukua chupa za maji, kutoa gurudumu. Wanalipwa, tena vizuri. Gari la timu linabeba baiskeli nzima nzima juu, na kocha anasema na waendeshaji kwa redio sikioni. Sijui Desgrange angekufa mara ngapi.

Ijumaa: Uvinza – Ujiji

Uvinza ni chumvi. Hata kabla ya Wajerumani chumvi ya hapa ilikuwa inasafiri mbali, na misafara ya Tabora na Ujiji ilipita hukuhuku ikiwa na pembe na watumwa. Tulikunywa chai, tukaondoka.

Kutoka hapa ni vilima mpaka mwisho, na ndipo ubishi wa gia ulipoamuliwa. Shemeji hana gia. Kila kilima alikuwa anashuka na kusukuma, mimi nikimpita taratibu nimekaa. Ananiita mzee. Nikamwambia ana mwenzake: Desgrange naye aliwahi kuandika kwamba gia ni za watu waliovuka miaka 45. Mpaka 1937 hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha gia ndani ya Tour kama tunavyobadilisha leo. Gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande mbili, ukifika chini ya mlima unashuka, unafungua nati, unaligeuza, unafunga, unapanda. Mwaka wa kabla yake Desgrange alikuwa ameachia usukani kwa sababu ya maradhi, na Jacques Goddet alipochukua nafasi yake, gia zikaingia.

Kidahwe kuna njia panda. Ukishika kulia unakwenda Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, na ukiendelea unaingia Rwanda kupitia Rusumo. Nilisimama hapo kwa makusudi. Shemeji anadhani mimi nashabikia vitu vya Ulaya, kumbe mashindano ya hatua yako hapa jirani. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na tangu 2009 imo kwenye kalenda ya shirikisho la dunia. Miaka ya kwanza ya kipindi hicho waliondoka na ushindi Mmoroko, Mweritrea, Mmarekani, watu wa Afrika Kusini. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawapa Wanyarwanda ushindi wao, na kwa miaka minne iliyofuata mshindi alikuwa Mnyarwanda tu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda kwenye vilima vile.

Na ndani ya Tour yenyewe tumo. Chris Froome, aliyeshinda mara nne, alizaliwa Nairobi na alianza akivaa bendera ya Kenya. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Halafu 2024 Biniam Girmay, Mweritrea pia, akashinda hatua tatu na kurudi nyumbani na jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi. Siku ile aliposhinda ya kwanza, pale Turin, nilikuwa nimeshika tyubu ya mteja kwenye beseni natafuta pancha, simu imeegemezwa kwenye kopo la solusheni. Nilipiga kelele mteja akakimbia.

"Na Mtanzania?" shemeji akauliza.

Ndiyo swali. Barabara hizi zimejaa watu wanaopandisha vilima na magunia ya mkaa, madumu ya mawese, tenga za dagaa. Miguu ipo. Kinachokosekana ni baiskeli ya mbio, ambayo bei yake ni ya pikipiki, na mtu wa kuwakalia vijana kila siku kwa miaka.

Tulipofika juu na ziwa kuonekana, shemeji hakunisubiri. Aliteremka mzimamzima, asali na yote, kengele inalia mpaka Ujiji.

Jumamosi: Ujiji

Shikamoo nyingi. Ugali wa muhogo na migebuka. Dumu la asali limepokelewa na Mama mkwe, limeonjwa, limesifiwa, limefungiwa chumbani.

Mzee alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na vyuma anavijua. Alitaka kuiona weldingi ya Nguruka, akaigonga kwa kidole, akaridhika. Nikamsimulia habari ya Christophe tangu mwanzo. Alisikiliza macho ameyafumba, nikadhani amesinzia.

"Huyo mtoto aliyevukuta," akasema, "walimpa nini?"

"Hakuna palipoandikwa kwamba alipewa kitu, Mzee."

"Na wa kwenu, wa Nguruka?"

"Tulimpa mia tano, Baba," shemeji akajibu haraka.

"Mtoto ameshika chuma cha moto kwa ajili ya asali yangu, mkampa mia tano." Akamwita Mama, wakaenda chumbani pamoja. Amerudi na chupa ya maji iliyojaa asali mpaka shingoni. Treni tutakayorudi nayo inasimama Nguruka, na chupa lazima ishuke.

Shemeji ameifunga kwenye gazeti, ananung'unika kwamba ameipandisha vilima vyote vya Uvinza ili aje airudishe kwa treni.